Kitambaa Nilichoifumia Televizyo

Siku ya tatu ya matanga ya shangazi yangu, nilikuwa natoka jikoni na sinia ya chai kuwapelekea wanaume waliokaa kwenye chumba cha video, nikamwona Fundi Wilondja anavua viatu mlangoni. Hakuna mwingine aliyekuwa amevua. Miaka minne ilikuwa imepita tangu atoke Kasongo. Alikuwa amekonda, shati limemzidi mabegani, lakini ule mfuko wake wa turubai wenye bisibisi alikuwa nao bado. Alitoa pole kwa sauti ndogo, akakaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali anapokaa mtu anayejua kwamba anaweza kuambiwa aondoke. Yaya Sadiki, kaka wa wote na motari wa pikipiki ya abiria, ambaye amekaa benchi la mbele tangu chumba hiki kifunguliwe, hakugeuka. Alisema tu, kama mtu anayeongea na kikombe chake: "Wandugu, kila mutu aangalie mufuko yake." Wawili watatu wakacheka kile kicheko cha matangani, cha puani. Mbele yao ilikuwa televizyo kubwa, imefunikwa, kwa sababu kwetu nyumba ikifiwa televizyo inafunikwa. Na kitambaa kilichoifunika nilikifuma kwa mikono yangu, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tano. Niligawa chai bila kumwangalia mtu usoni. Kisha nikaingia chumbani, nikavuta kaye yangu ya zamani, daftari la shule, kutoka chini ya nguo. Haya ninayoandika nayatoa humo. Pale ambapo kaye inasema uongo, nitasema.

Mwaka ule nilikuwa wa tatu sekondari, na nilikuwa mtu wa kusikia, si wa kusema. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu lilinifika kwenye meno likarudi. Kwa hiyo niliandika. Niliandika nani alikuja, alikula nini, alisema nini akidhani hakuna mtu nyuma ya mlango. Shangazi Mwajuma alijua, na alipenda kuwaambia wageni: "Huyu mutoto iko kimya, lakini mukitoka hapa, muko wote ndani ya kaye yake." Wageni walicheka, halafu walipunguza sauti. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu na kile cha video kilichoshikana na jikoni. Madirisha yake yalizibwa na vikwembe, vitenge vya zamani, ili mwanga usiingie, na ndani kulikuwa na harufu ya mafuta ya jenereta na ya mikate iliyokuwa inakaangwa upande wa pili wa ukuta. Wanaume na vijana walikaa kwenye mabenchi. Mimi na shangazi tulikaa juu ya mkeka kwenye mlango wa jikoni, yeye akipokea pesa za kuingia, mimi nikiangalia filamu kwa jicho moja na watu kwa jicho lingine. Televizyo ilikuwa ya ile aina ya zamani, kubwa kama kabati. Ndani yake mna taa tatu, nyekundu, kijani na bluu. Zinatupa picha juu ya kioo kilicho nyuma, na kioo kinairudisha mbele. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akielekea Kindu ilimshinda kubeba, akamwachia shangazi.

Kitambaa nilikifuma wakati wa likizo, baada ya kujifunza ufumaji shuleni: uzi mweupe, na pembeni maua mekundu ishirini na manne. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichofanya ambacho watu walikisifu mbele yangu. Shangazi alikitandika juu ya televizyo kikaanguka nyuma mpaka karibu na sakafu, na mbele alikikunja pande mbili kama pazia la mlango. Hakukitoa hata mashini ilipowashwa. Mashini bila kitambaa, alisema, ni sawa na mwanamke aliyekwenda sokoni akasahau kikwembe. Jirani akiingia kuomba chumvi, shangazi alimshika mkono akampeleka kuona maua yangu. Mimi nilibaki jikoni nikijifanya sisikii, nikisikia kila neno.

Ugonjwa wa televizyo ulianza kidogo kidogo. Ungeiwasha mchana, nusu saa ya kwanza picha ilikuwa safi. Halafu rangi zilianza kuachana. Mchezaji alikimbia, na mwekundu alimfuata nyuma, na wa bluu alimfuata mwekundu. Baada ya saa moja hukuweza kujua mpira ulikuwa ni upi. Yaya Sadiki alifurahi sana. "Hii timu iko na wachezaji makumi tatu na tatu," alisema. "Itashindwa namna gani?" Lakini watu walianza kwenda kwingine, na nilimwona shangazi akihesabu kwa macho mabenchi yaliyobaki wazi. Chumba kile ndicho kilichotulisha sisi wawili. Ndipo alipomwita Wilondja, fundi aliyekuwa akikaa kwenye baraza moja karibu na soko, akitengeneza radio na simu. Alikuwa mtu wa upande wa Fizi, amepitia Salamabila. Hilo la Salamabila lilitosha kutufanya tumtazame vizuri. Kila kijana wa Kasongo alitaka kwenda kule kwenye machimbo ya dhahabu. Mtu aliyetoka kule akaja hapa kuchoma waya za radio, watu walisema, kuna kitu alichokimbia.

Aliingia siku ya Alhamisi, wakati wa chakula. Shangazi alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Nyangwe, na kwa adabu alimkaribisha kwanza kula. Fundi alichagua kiti kilichoelekea televizyo, si kile kilichoelekea watu. Niliandika hivyo: *Anakula akiangalia mashini. Haangalii watu.* Alipomaliza alinawa, akaiwasha, akangoja. Rangi zilipoanza kuachana, aliweka mgongo wa mkono wake juu ya mbao za nyuma, hapa, na hapa, na hapa, kama mama anayepima mtoto.

"Iko na homa, Mama," alisema.

"Homa ya mashini?"

"Joto inabaki ndani, haina mulango ya kutokea." Alizima, akafungua mgongo wa ile kabati, na mimi nilisogea na taa bila kuombwa. Vumbi lilikuwa limelala mle ndani kama unga wa muhogo. Alilipiga brashi, akatuonyesha vipande viwili vyeusi vilivyofungwa juu ya bamba la aluminium lenye meno kama kitana. "Hizi mbili ndizo zinashika rangi tatu pamoja. Zikipata joto sana, zinachoka, kila rangi inakwenda njia yake. Hii kitana ndiyo inafaa kuzitolea joto, lakini ni kidogo, na dawa ya katikati imekauka." Alikwangua kwa kucha. Kati ya kipande na kitana palikuwa na kitu cheupe, kikavu kama chaki.

"Dawa gani?" shangazi aliuliza haraka.

"Pomade tu, Mama. Ya kupitisha joto."

Shangazi alinitazama. Kwetu neno dawa likisemwa na mtu usiyemjua, linabaki hewani. Alikwenda jikoni kuangalia maji, na katika ule muda mfupi tu, Fundi Wilondja alishika pindo la kitambaa changu lililoning'inia nyuma, likiwa limeziba matundu yote ya mbao. Alilipima uzito kwenye vidole.

"Ni kazi ya nani?"

"Yangu," nilisema. Nadhani ndiyo neno la kwanza nililomwambia.

"Kazi nzuri. Lakini, binti, mukiwasha mashini, mukiondoe. Hapa ndipo inapumulia."

Alisema kwa upole. Lakini mimi nilisikia kwamba kazi yangu ni mbaya. Shangazi hakuwa amesikia kitu. Aliporudi sikumwambia. Niliandika katika kaye, na naona hapa herufi zilivyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: *Anataka kitambaa kiondoke. Mtu anayetaka nyuma ibaki wazi, anataka kurudi kuingiza mkono.*

Siku hiyohiyo aling'oa vile vipande viwili. Kila kimoja kilikuwa na miguu kumi na minane, nilihesabu. Alivifunga katika karatasi ya daftari, akavitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alisema kuna mfanyabiashara Salamabila mwenye televizyo ya aina hii iliyopasuka kioo. Vipande vyake huenda vizima, na ni lazima alinganishe namba kwa macho. Siku tatu, alisema. Akapanda mota ya mtu mwingine, si ya Yaya Sadiki, na nafikiri hilo nalo lilimchoma Sadiki.

Zikapita siku tatu, zikapita tano. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Chumba cha video kilikaa kimefungwa, lakini watu wa benchi la mbele walikuja bado kunywa chai, na siku ya sita niliyasikia haya kupitia ukuta wa jikoni, na niliyaandika vile yalivyosemwa:

"Mama Mwajuma, nikuulize. Alibeba nini, yule mutu?"

"Vipande viwili vya ndani."

"Vyeusi?"

"Vyeusi."

"Basi ni yenyewe," alisema Sadiki. "Mimi nilipakia watu wa Salamabila, wananielezaka. Kule wananunua hata simu zilizokufa. Wanazichoma, wanaziosha na dawa, wanatoa dhahabu ya ndani. Simu kidogo hivi. Sasa fikiria ile yako, kubwa kama ng'ombe."

"Uongo."

"Sababu ya nini alikimbia nayo Salamabila? Kasongo haina fundi? Kindu haina fundi? Mutu anabeba kitu cheusi mahali pa dhahabu, na wewe unangoja hapa na chai."

Mwingine alisema labda ni barabara. Sadiki alisema barabara yeye ndiye anaijua. Nikasikia shangazi akiweka kikombe chini. Halafu akaita: "Feza. Leta kaye yako."

Nilikuja nimesimama mbele ya wanaume wanne. Nitasema ukweli wote: nilikuwa na furaha. Hakuna aliyewahi kuomba kusikia nilichoandika. Shangazi alisema soma ile siku alipobeba, na nilisoma. Nilisoma alivyokula akiangalia mashini. Nilisoma mfuko wa shati na kifungo. Na nilisoma sentensi ya mwisho ya ukurasa ule: *Alipofika barabarani aliangalia nyuma mara mbili.*

"Munaona," alisema Yaya Sadiki. "Mara mbili."

Sentensi ile niliipenda. Nilikuwa nimeiandika baada ya kula, nikiwa nimelala juu ya mkeka, ukurasa ulipokuwa unaonekana hauna mwisho. Siku ya tukio sikutoka hata nje. Nilisikia tu mlio wa mota ukienda.

Alirudi siku ya tisa, matope mpaka magotini, mgonjwa wa kifua. Daraja moja lilikuwa limekwenda na maji, alisema, walilala siku nne ng'ambo. Alikuwa na vipande viwili vizima. Shangazi alivipokea, akavigeuza, akaviangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyebadilishwa hospitalini. Aliponikuta jikoni alininong'oneza: "Kaa naye karibu. Usitoe macho."

Basi nilikaa naye siku tatu, na naweza kusema namna kazi ilivyokuwa. Aliomba sufuria ya zamani iliyopasuka. Shangazi alimpa, na nyuma yake akaniambia: "Kwanza dhahabu, sasa sufuria." Fundi aliipeleka kwa mzee mmoja anayeyeyusha aluminium na kumimina sufuria mpya katika udongo, karibu na mto. Nilimfuata kwa kisingizio cha kuteka maji. Nilimwona akichora kwa kidole kwenye udongo ule mweusi: bamba, na meno marefu. Mzee alimwambia sufuria ya namna hiyo itavuja, na walicheka wote wawili. Kitana kilichotoka kilikuwa kizito, kikubwa mara tatu kuliko cha kwanza, na kibaya kwa macho. Fundi alikaa mchana mzima akikisugua juu ya kipande cha kioo chenye karatasi ya msasa, upande mmoja tu, mpaka ukalala sawasawa. Kila baada ya muda alikiinua kwenye jua akaangalia kama mwanga unapita chini yake. "Ikibaki nafasi hata ya unywele," aliniambia bila kuuliza kama nataka kujua, "joto haivuki." Alipaka pomade mpya, kidogo sana, kama mafuta ya midomo. Alifunga vantilateri, feni ndogo iliyotoka katika kompyuta iliyokufa, lakini aliielekeza nje, isiwe inasukuma bali inavuta. Akaongeza matundu kwenye mbao kwa msumari uliotiwa moto.

Mwisho alifanya kitu ambacho nilikiandika mara mbili kwa jinsi kilivyonishangaza. Alikata mshumaa, akabandika kipande kidogo kama punje ya karanga juu ya jino moja la kitana. Aliwasha televizyo bila kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Tulikaa saa mbili tukiangalia filamu ya watu wanaorushana mateke. Rangi hazikuachana. Alifungua mgongo, akanionyesha: mshumaa ulikuwa bado mzima, na kona zake. "Huyu ndiye askari yangu," alisema. "Yeye hasemi uongo." Nilitazama pembeni mpaka alipofunga mgongo. Nilidhani anajua kuhusu kaye.

Jumapili kulikuwa na mechi kubwa ya mchana, na shangazi alitangaza mpaka msikitini na kanisani. Walikuja watu ambao hawajawahi kuja, na wasichana wawili wa darasa langu walikuja na kaka zao. Ni kwa ajili ya wale wasichana. Sikutaka waone ile kabati uchi, na matundu yake yaliyochomwa na msumari, na vantilateri ya kompyuta iliyokufa. Kitambaa nilikuwa nimekifua na kukipiga pasi. Kabla watu hawajaingia nilikitandika, nikakivuta nyuma mpaka chini, nikakaza kila ua mahali pake. Sikufikiri neno la fundi? Nililifikiri. Nililifikiri na nikasema moyoni, tutaona kama ni kitambaa au ni wizi wake.

Fundi alikuja amechelewa, akakaa nyuma. Kipindi cha kwanza kilipita kizuri, na shangazi alianza kucheka na watu. Kipindi cha pili kilipofika katikati, mchezaji wa pembeni alipata mpira, na nilimwona mwekundu akitoka ndani yake taratibu, kama roho.

Chumba kilinguruma. Yaya Sadiki alisimama juu ya benchi. "Makumi tatu na tatu wamerudi," alisema, na hakuwa anacheka tena. Shangazi alipita katikati ya miguu ya watu mpaka kwa fundi.

"Vyuma yangu iko wapi?"

"Ile mizima iko inafanya kazi, Mama. Ile mibovu nimekurudishia. Iko ndani, nimeibandika kwenye ubao wa nyuma. Uniache nifungue, utaiona."

"Ndani ya tumbo yako," alisema Sadiki, na chumba chote kikacheka.

"Mama Mwajuma. Dakika mbili tu."

"Hautagusa tena kitu yangu. Ulitoka Salamabila, rudia Salamabila."

Fundi alitazama televizyo. Aliona kitambaa, nilimwona akikiona, toka juu mpaka chini. Halafu alinitazama mimi, kwenye mkeka wangu, na mimi nilingoja aseme. Ilikuwa sentensi fupi, ingemtosha. Shangazi angenichapa mbele ya wale wasichana, na yeye angebaki na jina lake. Alishusha macho. "Muizimishe kwanza, Mama," alisema. "Ipumzike." Akachukua mfuko wake wa turubai uliokuwa kando ya televizyo. Watu walimfanyia njia wakishika mifuko yao kwa mzaha, na mmoja akamwangushia kikombe cha chai, lakini chai haikumfikia, ilimwagikia kitambaa.

Kwa hiyo nilikifua tena. Ijumaa iliyofuata kilikuwa kwenye kamba, na shangazi, kwa kukosa la kufanya, aliwasha filamu kwa watu wachache waliokuja. Ilikwisha filamu ya kwanza. Ikaja ya pili. Rangi zilikaa pamoja mpaka mwisho. Shangazi alipiga viganja: "Munaona. Alipotoka tu, imepona. Ni yeye alikuwa anaigonjesha." Wote walikubali, kwa sababu lilikuwa linaonekana kwa macho. Mimi nilitazama kupitia dirisha la jikoni, nikaona maua yangu mekundu yakipepea kwenye kamba, nikakumbuka neno la fundi.

Asubuhi yake, shangazi alipokwenda sokoni, nilifungua mgongo kwa kisu cha jikoni. Mshumaa ulikuwa umeyeyuka wote, umeshuka kwenye meno ya kitana kama chozi, ukaganda chini. Kando, kwenye ubao, palikuwa na bahasha iliyobandikwa kwa gundi, na juu yake maandishi safi ya kalamu: *Vipande vya zamani, mali ya Mama Mwajuma.* Ndani mlikuwa na kile nilichojua nitakikuta, miguu kumi na minane, na miguu kumi na minane. Nilifunga tena mdomo wa bahasha bila kuibandua. Nilikaza misumari ya parafujo. Kuanzia siku ile kitambaa nilikifunika tu mashini ilipozimwa, na shangazi alipouliza nilisema kinachakaa upesi. Ukurasa wa siku ile katika kaye unasema hivi, na si zaidi: *Leo hakuna mvua.*

Fundi Wilondja alibaki Kasongo wiki tatu. Hakuna aliyempelekea hata radio. Nilimpita mara moja barazani kwake, nikitoka shule, na nilikuwa na maneno yote tayari. Nilifika mbele yake, nikainama kama ninatoa jiwe kwenye kiatu, nikaendelea. Halafu baraza likawa na mwuza sabuni. Tulisikia yuko Salamabila, halafu Kabambare. Shangazi hakumsahau. Kila mtu alipoisifu televizyo yake ya milele, alisema: "Na bado kuna mutu alikula dhahabu yake." Miaka minne nilikuwa na mahali pa kusema, na kila mara niliona ni kesho. Mwaka huu shangazi aliumwa juma moja tu. Siku ya mwisho nilimshika mguu, nikaanza, "Shangazi, ile kitambaa," naye akasema, "Kiko kizuri, mama," akalala, hakuamka.

Ndivyo nilivyokaa chumbani na kaye juu ya magoti, siku ya tatu ya matanga, nikisikia sauti ya Sadiki kupitia ukuta uleule. Alikuwa anawasimulia vijana ambao hawakuwepo. Alifika kwenye mara mbili. "Na aliangalia nyuma mara mbili," alisema, "ni mutoto wa hapa ndani aliona."

Niliingia na bisibisi. Msichana kuingia katikati ya wanaume wa matanga bila sinia ni jambo la kushangaza, na waligeuka wote. Nilivuta kitambaa kikaanguka chini. Niliizungusha ile kabati, na kijana mmoja akanisaidia bila kujua kwa nini. Parafujo nne. Bahasha ilikuwa imegeuka rangi kama chai, lakini gundi ilishika mpaka nikapasua kidogo ubao. Nilimpa Yaya Sadiki mkononi.

"Soma," nilisema.

Alisoma, midomo ikitembea. Alitoa kipande kimoja cheusi, akakwangua kwa ufunguo wa mota yake, akakwangua tena upande wa pili. Chini ya weusi palikuwa na kijivu tu.

"Kitambaa niliweka mimi," nilisema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Aliniambia niondoe, na niliweka. Hata ile ya kuangalia nyuma, sikuona. Nilikuwa ndani."

Mzee mmoja alisema "kumbe." Sadiki alirudisha kipande katika bahasha polepole sana, akakosa mahali pa kuiweka, akabaki nayo juu ya goti. Fundi Wilondja alikuwa amesimama. Nilidhani anaondoka. Alikuja mpaka kwenye televizyo, akaweka mgongo wa mkono juu ya kitana cha sufuria, ingawa ilikuwa imezimwa tangu msiba uingie.

"Vantilateri inazunguka bado?"

"Inazunguka."

Aliitikia kwa kichwa. Halafu aliuliza kile nilichokuwa naogopa, kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nisikie: "Mama alijua?"

"Hapana."

Alifuta vumbi kwenye kitana kwa kidole. "Ndiye alinipa kazi ya kwanza hapa," alisema. "Nilitaka ajue." Akarudi kwenye benchi lake la mwisho, na mtu akasogea kumpa nafasi, na nilimletea chai, na aliinywa. Hakuniambia "si kitu." Nashukuru kwa hilo, kwa sababu ilikuwa ni kitu.

Walipoondoka wote nilikunja kitambaa nikakiweka sandukuni. Kisha nilifungua kaye kwenye ukurasa ule, nikakata kwa kalamu sentensi niliyoipenda, nikaandika chini yake: *Sikumwona akiondoka.*